Buibui wa milimita moja: mbinu zipi zinafaa kumkusanya na kumpa jina

Buibui wadogo wa sakafu ya msitu wa tropiki, yaani wale wa familia za Oonopidae, Symphytognathidae, Mysmenidae, Anapidae, Tetrablemmidae na Ochyroceratidae, kwa kawaida wana mwili wa milimita 0.5 hadi 3. Dume wa Patu digua wa Colombia ana milimita 0.37 tu. Kwa mnyama wa kiasi hicho, kosa la siku ya kwanza msituni halirekebishiki maabara. Ukiweka mtego usiofaa, utarudi na madume kumi na jike hata mmoja hayupo. Ukitumia kihifadhi kibaya, DNA imekwenda. Ukizidisha potasi (KOH, kemikali ya kuyeyusha nyama), mirija ya uzazi inayeyuka huku unaitazama.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia mwisho. Kabla ya kuchagua chombo chochote, jiulize ukurasa wa maelezo ya spishi mpya utadai nini. Utadai mnyama mzima, si mtoto. Utadai picha au michoro ya viungo vya uzazi: kipapasio cha dume, ambacho ndicho anachotumia kupandisha, na mirija ya ndani ya jike. Ukiwa na jinsia zote mbili, nafasi yako ni nzuri zaidi. Utadai pia sampuli moja iliyotajwa wazi kuwa holotaipu, yaani ile inayobeba jina la spishi, yenye lebo kamili, iliyowekwa kwenye hifadhi inayojulikana.

Suala la utu uzima linawapotosha wengi. Jike wa Oonopidae hana epijini ya nje (bamba gumu la uzazi chini ya tumbo) kama buibui wengine wengi, kwa hiyo anayezoea buibui wakubwa humwona "mtoto" na kumrudisha kwenye chupa ya mabaki. Usimwache mpaka umemsafisha tumbo na kutazama ndani. Dume asiyekomaa naye hudanganya: ncha ya kipapasio imevimba, lakini ni laini kama puto, haina sehemu ngumu za rangi ya kahawia.

Winkler, faneli ya taa, mtego wa shimo au mikono

Hapa ndipo uchaguzi una uzito kuliko pengine popote.

Mfuko wa Winkler hauhitaji umeme. Unachukua majani yaliyooza ya mita 1 ya mraba, unayachekecha kwenye wavu wa matundu ya sentimita 1, na kilichopita unakitia kwenye vifuko vya wavu wa milimita 4. Vifuko hivyo vinatundikwa ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa ambao chini yake kuna kikombe cha ethanoli. Wanyama waliovurugwa hutembea huku majani yakikauka taratibu, hutoka kwenye wavu, na kudondoka. Saa 48 ndio muda wa kawaida.

Kinachoharibu kazi ni mambo matatu. La kwanza ni kujaza kifuko mpaka kifure: katikati panabaki na unyevu, na buibui hana sababu ya kutoka. Kifuko kiwe bapa. La pili ni majani yaliyolowa mvua. Yanashikamana na tope, na hata saa 48 hazitoshi. Subiri, au chekecha siku inayofuata. La tatu ni uchafu. Ukitundika kifuko juu ya kikombe chenye ethanoli moja kwa moja, vumbi lote la mwanzo linaingia humo, na utalipa kwa saa nyingi za kuchambua. Weka kwanza kikombe kikavu, tundika kifuko, acha vumbi litulie, rudisha kilichodondoka kifukoni, ndipo uweke kikombe chenye ethanoli. Baada ya saa 24, yamwage majani kwenye sinia, yachanganye, yarudishe. Kuvurugwa mara ya pili kunawatoa waliokuwa wametulia.

Faneli ya taa (Berlese au Tullgren) inafanya kazi kwa wazo lilelile, ila joto la taa ya wati 25 hadi 40 ndilo linalowasukuma chini. Faida yake ni kwamba inawatoa hata waliojificha kwenye udongo mnene. Hasara yake ni haraka: joto likipanda upesi, buibui wenye ngozi laini hukauka katikati ya safari kabla ya kufika kwenye chupa. Siku ya kwanza iache bila taa, au inua taa juu kabisa, kisha ishushe kidogo kidogo kwa siku 3 hadi 7. Jambo moja linawakwaza wengi siku hizi: balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Faneli iliyofungwa LED inang'aa vizuri na haikamati karibu chochote.

Mtego wa shimo ni kikombe chenye mdomo wa sentimita 7 hadi 9 kilichozikwa, na paa dogo juu yake kuzuia mvua. Huu unakamata wanaotembea, na wanaotembea sana ni madume wanaotafuta majike. Buibui wa Symphytognathidae na Mysmenidae wanakaa kwenye nyavu zao, kwa hiyo huanguka kwa bahati tu. Hata kwa wanaotembea, tazama mdomo wa kikombe. Pengo la milimita 2 kati ya plastiki na udongo si kitu kwa mende. Kwa buibui wa milimita 1 ni bonde, atapita chini yake na kuendelea na safari. Bonyeza udongo mpaka ugusane na ukingo pande zote, kisha upake udongo laini kwa kidole. Tia tone moja la sabuni ya maji kwenye kihifadhi. Bila hilo buibui mdogo huelea juu ya maji na kutoka.

Mikono ni polepole na ndiyo yenye taarifa nyingi kuliko zote. Usiku, kwa taa ya kichwani, nyunyiza unga laini wa mahindi kidogo sana kwenye mianya ya mizizi na chini ya magogo. Uzi usioonekana unajitokeza mweupe. Kwa Symphytognathidae utaona wavu mdogo wa mlalo wenye nyuzi nyingi sana zinazotoka katikati. Piga picha ya wavu kabla ya kumgusa buibui. Dume na jike waliochukuliwa kwenye wavu mmoja ni ushahidi ambao mfuko wa Winkler hauwezi kukupa, kwa sababu mita moja ya majani inaweza kuleta spishi tatu za jenasi moja, madume na majike wamechanganyika, na wewe umeachiwa kubahatisha nani ni mwenzi wa nani.

Kwa hiyo, kwa buibui walio chini ya milimita 2: Winkler kwanza, mikono pili, kwenye sehemu zilezile. Mtego wa shimo uwe nyongeza, si msingi. Faneli ichukue nafasi ya Winkler pale tu penye umeme wa uhakika na mtu wa kushinda hapo. Na vibali vya kukusanya na vya kusafirisha sampuli viwe mkononi kabla ya kuchekecha jani la kwanza. Tangu Itifaki ya Nagoya (mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki) ianze kutumika mwaka 2014, mahali pengi sampuli isiyo na karatasi hizo ni tatizo kwako na kwa hifadhi itakayoipokea.

Ethanoli ya 75, ya 96, au glaikoli

Ethanoli ya asilimia 75 inaacha viungo vikiwa laini. Mguu unakunjuka na kipapasio unaweza kukigeuza. Ila DNA inaharibika ndani yake mwaka hadi mwaka, na upesi zaidi kwenye joto. Ethanoli ya asilimia 96 inalinda DNA, hasa ikikaa kwenye friza ya −20 °C, lakini inamfanya mnyama awe mkavu na mwepesi kuvunjika. Buibui wa milimita 1 aliyekaa humo hupoteza miguu ukimgusa tu.

Ukiwa na sampuli nyingi, gawa: watu wazima wawili au watatu wa kila umbo kwenye 96, waliobaki kwenye 75. Ukiwa na mmoja tu, mweke kwenye 96 na ukubali kufanya kazi kwa uangalifu zaidi, maana mguu uliovunjika bado unapimika ukiwa kwenye kichupa chake, lakini DNA iliyooza hairudi. Kutengeneza ya 75 kutoka ya 96, chukua mililita 780 za ethanoli na uongeze maji yaliyotoneshwa hadi lita 1.

Kikombe cha Winkler kiwe na 96, kwa sababu unyevu wa majani na mvuke vitaipunguza nguvu. Baada ya kumaliza, mwaga na uweke mpya ndani ya saa 24. Chupa iliyojaa uchafu na wanyama ina maji mengi kuliko unavyofikiri.

Kwenye mtego wa shimo, propileni glaikoli ya asilimia 50 inafaa zaidi kwa sababu haikauki kwa wiki moja au mbili. Kumbuka kuisuuza kabisa kabla ya kutazama kwa hadubini, la sivyo picha inakuwa na ukungu. Ethileni glaikoli ni sumu tamu inayoweza kuua wanyama wanaoinywa, iache. Fomalini nayo iache kama una nia yoyote ya kupata DNA.

Kwenye kuchambua, sahani ya petri iwe na upande mweusi na mweupe chini yake. Buibui wapauke, ambao ndio wengi kwenye majani, huonekana kwenye nyeusi. Wachukue kwa brashi laini yenye nywele chache au kwa pipeti, usiwabane kwa kibanio cha chuma.

Kusafisha viungo vya uzazi

Huwezi kuona mirija ya ndani ya jike mpaka nyama inayoizunguka iondoke au ipoteze ukungu. Njia nne ndizo zinazotumika zaidi:

| Kisafishi | Kinafanya nini | Muda | Kinafaa wapi, kinaharibu wapi |
|---|---|---|---|
| KOH ya asilimia 10 | Inayeyusha nyama | Dakika chache kwenye maji moto, saa kadhaa ikiwa baridi | Haraka, mirija migumu inajitokeza. Utando laini na tezi vinaweza kupotea |
| Pankreatini | Kimeng'enya kinachosaga nyama | Usiku mmoja kwa 37 °C | Haigusi kaitini (ganda gumu la mnyama); lazima itengenezwe mpya |
| Asidi laktiki | Inalainisha na kung'arisha | Dakika 30 hadi saa chache | Unaweza kutazama humohumo. Kipapasio kinaweza kuvimba |
| Mafuta ya karafuu | Yanaondoa ukungu tu, hayali nyama | Dakika chache | Unaweza kumrudisha mnyama kwenye ethanoli. Maji yakibaki yanakuwa meupe |

Kwa holotaipu, mafuta ya karafuu ndiyo ya kwanza kujaribiwa, kwa sababu ukishamaliza unamrudisha mnyama kwenye ethanoli akiwa mzima. Mpitishe kwanza kwenye 96 na kisha kwenye ethanoli safi kabisa, dakika kadhaa kila hatua. Ukiona wingu jeupe pembeni mwake, bado ana maji. Mrudishe kwenye ethanoli.

Kwa parataipu (sampuli nyingine za spishi hiyo zinazotajwa pamoja na holotaipu) ambazo unaweza kuzipoteza, KOH inaonyesha zaidi. Ukiwa na jike wa milimita 1, usijaribu kukata epijini peke yake, hutaweza. Ondoa tumbo lote kwenye kikonyo (kiuno chembamba cha buibui) kwa sindano ndogo mbili, liweke kwenye kisahani cha KOH, na usiondoke. Dakika mbili za kwanza tumbo ni la maziwa. Kisha pembezoni panaanza kuwa wazi kama kioo, na katikati unabaki mzigo mweusi wa utumbo. Hapo ndipo watu wanapoongeza muda wakitaka katikati napo pawe safi, na hapo ndipo mirija myembamba inapotoweka. Acha mzigo huo. Utoe kwa kusukuma taratibu kwa brashi ukiwa kwenye maji, si kwenye KOH. Suuza mara tatu kwa maji, la sivyo potasi inaendelea kula hata ndani ya kichupa. Kama utando hauonekani, rangi ya klorazoli nyeusi, tone moja kwa sekunde chache, huuchora.

Kumweka mnyama akae upande unaoutaka, jeli ya kusafishia mikono yenye alkoholi inafanya kazi nzuri kuliko mchanga wa zamani. Iache itulie kwanza ili mapovu yapande, maana povu moja mbele ya kipapasio linaharibu picha nzima. Kwa kipapasio tumia cha kushoto kama ilivyo desturi. Kama cha kushoto hakipo, tumia cha kulia, geuza picha, na useme hivyo kwenye maelezo.

Picha, michoro, hadubini ya elektroni

Hadubini ya stereo peke yake haitoshi. Ikifika mara 100 tayari imechoka. Kipapasio cha buibui hawa kinahitaji hadubini ya slaidi, mara 200 hadi 400. Slaidi yenye kishimo, tone la asidi laktiki au gliserini, na kifuniko kilichofunika nusu ya kishimo: ukikisogeza kifuniko kwa ncha ya sindano, kipapasio kinabiringika na unakitazama pande zote.

Picha za tabaka, 20 hadi 50 zilizounganishwa na programu, zinaonyesha rangi na umbo lakini pia zinaonyesha kila kitu kwa usawa, pamoja na uchafu. Mchoro unachagua. Kwa viungo vya ndani ambavyo mistari yake hupitana, mchoro bado unashinda. Hadubini ya elektroni ni nzuri ajabu kwa nywele, meno ya taya na uso wa kipapasio, ila haioni ndani, na sampuli ikishapakwa dhahabu haitumiki kwa mengine. Isiwe holotaipu. Na usiikaushe hewani. Tumbo laini linabonyea kama zabibu kavu. Kausha kwa hatua ya kritiko (mashine inayotoa kimiminika bila kubonyeza tishu) au kwa HMDS (kemikali ya kazi hiyohiyo).

DNA pamoja na umbo, au umbo peke yake

Kipande cha COI (jeni inayotumika kutambua spishi) cha besi 658 kinatatua vizuri tatizo moja: dume yupi ni wa jike yupi. Kwa buibui wa milimita 1 mguu mmoja mara nyingi hautoi DNA ya kutosha. Badala ya kumsaga, toboa tumbo kwa sindano ndogo kabisa, mlaze usiku kucha kwenye myeyusho wenye proteinasi K (kimeng'enya kinachosaga nyama) kwa 56 °C, kisha uchukue kiowevu na umrudishe yeye kwenye ethanoli ya 75. Zawadi iliyomo ni kwamba nyama imeshasagwa, hivyo mirija ya uzazi inaonekana bila KOH. Gharama yake ni kwamba buibui mpauke anatoka kama mfuko mtupu, bila rangi na bila umbo. Kwa hiyo mpige picha na kumpima kwanza, na uanze na parataipu.

DNA peke yake ina mtego wake. Buibui wa majani hawasafiri sana, na wa mlima mmoja wanaweza kutofautiana sana kwa COI na wa mlima wa jirani ilhali viungo vyao vya uzazi ni vilevile. Kutoa jina kwa kila kundi la aina hiyo ni kuwatwisha wengine mzigo. Pale umbo na DNA vinapokubaliana, toa jina. Pale DNA inapotofautiana na umbo halitofautiani, andika tofauti hiyo chini ya jina moja na uendelee kukusanya.

Spishi moja sasa, au jenasi nzima baadaye

Ukiwa na dume na jike wa spishi moja inayotambulika wazi, karatasi fupi inatosha. Ukiwa na jenasi yenye spishi kadhaa zilizoelezwa zamani kwa mistari minne bila mchoro, karatasi fupi inaongeza fujo. Katalogi ya Buibui ya Dunia, inayosimamiwa na makumbusho ya Bern tangu 2014 na iliyovuka spishi 50,000 mwaka 2022, ndipo pa kuanzia. Tafuta hasa spishi zilizoelezwa kwa jinsia moja tu. Kabla ya kumwita dume wako mpya, angalia majike wasio na waume.

Kwenye holotaipu, chagua mtu mzima mwenye viungo vya uzazi vilivyo kamili, na kama jenasi hiyo inatofautishwa kwa madume, chukua dume. Tangu 2000 kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai holotaipu itajwe wazi na hifadhi yake itajwe. Majina ya buibui yana upendeleo mmoja wa kipekee: ya Clerck ya 1757 yanakubalika, ingawa wanyama wengine wote wanaanzia 1758.

Kuchapisha kwa karatasi au mtandaoni pekee? Karatasi ina masharti machache. Mtandaoni pekee inakubalika kwa kazi za kuanzia 2012, lakini kazi lazima isajiliwe ZooBank (rejista rasmi ya majina ya wanyama) kabla ya kutoka, iwe na ushahidi wa usajili huo ndani yake, na itaje tarehe ya kuchapishwa. Ukisahau namba ya ZooBank kwenye faili lililotoka, jina halipo kikanuni hata kama kila mtu ameanza kulitumia, na litahesabiwa kuanzia siku litakapochapishwa tena likiwa na masharti yote.